Kung'atuka Nako Kunataka Pa Kwenda

Nimepotea kidogo hapa kibarazani, kazi za chumba cha habari zimenibana kweli kweli. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani wiki mbili sasa, na naona nikiendelea kulinyamazia litaninyima usingizi.

Nianze kwa kukiri kosa. Kwa muda mrefu nimekuwa mmoja wa wale waandishi wanaopenda kuwasimanga wanamichezo wasiojua kuacha. Mnatujua. Mchezaji akianza kuachwa mbio na vijana, sisi kalamu mkononi. Si aache tu? Anasubiri nini? Anaharibu jina lake! Nimeandika hayo si mara moja wala mbili. Na kila nilipoandika nilikuwa na mfano wangu mmoja mfukoni, naukunjua kama mhubiri anavyokunjua aya aipendayo. Mfano wenyewe ni Mbelgiji mmoja aitwaye Stefan Everts.

Wengi wenu hamumjui, na si kosa lenu. Mchezo wake ni motokrosi, mbio za pikipiki zisizotaka lami. Ni udongo, mchanga, matope, na matuta ambayo pikipiki inayapanda kwa kasi, inaruka juu, kisha inatua upande wa pili kwa kishindo. Waendeshaji hadi 40 wanajipanga mstari mmoja, kizuizi kinaanguka, na wote wanaigombea kona moja. Baada ya hapo ni zaidi ya nusu saa ya kutikiswa mifupa, na ukimaliza unapumzika kidogo kisha unarudi kwa mbio ya pili siku hiyo hiyo. Afrika Mashariki hii Waganda wanaujua mchezo huu kuliko sisi, wana kiwanja chao kule Garuga, upande wa Entebbe. Sisi wengine pikipiki kwetu ni bodaboda, na matuta ni yale ya barabarani.

Sasa huyu Everts. Alizaliwa Novemba 1972, na baba yake, Harry Everts, alikuwa bingwa wa dunia wa motokrosi mara 4. Mwaka 1991, akiwa na miaka 18 tu, kijana akachukua ubingwa wa dunia wa daraja la 125cc akiwa na Suzuki. Mwaka 1995 akachukua wa 250cc na Kawasaki, kisha 1996 na 1997 akarudia na Honda. Hapo angeweza kusema basi, nimemfikia mzee, mataji manne kwa manne.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1998 alipoteza ubingwa kwa Mfaransa Sébastien Tortelli katika raundi ya mwisho ya msimu, kule Ugiriki. Ikafuata miaka miwili ya majeraha. Mwaka 2000 unamalizika, mtu ana miaka 28, mwili umeshonwashonwa, taji la mwisho ni la miaka mitatu nyuma. Nawauliza wadau, mimi mwandishi wa wakati ule ningeandika nini? Ningeandika: si aache tu?

Hakuacha. Mwaka 2001 akaja na Yamaha katika daraja la 500cc akawa bingwa. Akawa bingwa 2002. Akawa bingwa 2003, na hapo akawa amempita Mbelgiji mwenzake Joël Robert, ambaye rekodi yake ya mataji 6 ilikuwa imesimama tangu 1972. Mwaka huo huo wa 2003, kule Ernée, Ufaransa, Everts alifanya jambo ambalo hata leo nikilisimulia watu hudhani natia chumvi. Siku moja, madaraja matatu, pikipiki tatu za ukubwa tofauti, na yote matatu akashinda yeye. Bingwa tena 2004. Bingwa tena 2005.

Tufike sasa mwaka 2006, ambao ndio ulikuwa aya yangu ya kuhubiria. Msimu ule ulikuwa na mashindano 15 ya Grand Prix. Everts alishinda 14. Narudia kwa faida ya waliokuwa wanachungulia simu: 14 kati ya 15. Taji la kumi la dunia, na jumla ya ushindi wa Grand Prix 101. Ana miaka 33, hakuna kijana anayemkaribia, wadhamini wapo, mashabiki wapo. Akavua kofia ngumu, akaaga, akaenda zake. Na hakurudi.

Hiyo ya kutorudi nayo ina uzito wake. Mwaka huo huo wa 2006 Michael Schumacher, bingwa wa dunia mara 7 wa Formula 1, naye aliaga. Yeye alirudi mwaka 2010 na timu ya Mercedes, akakimbia misimu mitatu bila kushinda hata mara moja. Simcheki marehemu wa mchezo wala aliye hai, na Schumacher heshima yake ipo pale pale. Nasema tu kwamba kuacha ukiwa juu ni kazi ngumu, na kukaa nje ukisikia ngurumo za injini ni kazi ngumu zaidi.

Kwetu tuna neno zuri la jambo hili, tena tuna bahati ya kuwa nalo: kung'atuka. Mwalimu Nyerere alilitoa kwenye Kizanaki akatuachia Kiswahilini alipoondoka Ikulu mwaka 1985. Kustaafu kunaweza kuwa kwa umri, kwa barua ya mwajiri, hata kwa ugonjwa. Kung'atuka ni kuinuka mwenyewe kwenye kiti wakati waliokaa wanakuomba ubaki. Basi mimi nilikuwa nasema Everts aling'atuka, na hawa wetu wameng'ang'ania. Nilikuwa nikimaliza hivyo, najisikia nimeandika.

Wiki mbili zilizopita nikaenda kumhubiria mtu ana kwa ana.

Mtu huyo simtaji jina, wala klabu yake siitaji. Wale mliokuwa mnakwenda uwanjani miaka ile mngemjua mara moja. Mimi nilimshangilia nikiwa na sare za shule, naye ni mkubwa wangu kwa miaka kadhaa, namwita kaka. Alicheza hadi akafika umri ambao magazeti, likiwemo langu, yalianza kumwita mzee. Misimu yake miwili ya mwisho alicheza goti likiwa limefungwa bandeji nene, akiingia dakika za mwisho, akizomewa na majukwaa yale yale yaliyowahi kumbeba mabegani. Hakuagwa. Msimu mmoja hakuonekana kwenye orodha, ikawa ndiyo hivyo. Leo ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu, na anauza vocha, maji na soda.

Nilipita pale kununua maji, tukapiga stori. Mazungumzo yakaingia kwenye mchezaji mmoja wa sasa ambaye watu wanamtaka aache. Nikaona nafasi. Nikamkunjulia Everts wangu wote, tangu Suzuki ya 1991 hadi zile 14 kati ya 15. Kaka alisikiliza vizuri, huku akihesabu pesa ya mteja. Mteja alipoondoka akaniuliza, taratibu kabisa:

"Huyo Mzungu wako, kesho yake alipoamka alikwenda wapi?"

Nikamwambia alipata kazi. Kampuni ya KTM ya Austria ilimchukua kusimamia timu zake za motokrosi.

Akacheka. "Haya mdogo wangu. Mimi ningeacha niende wapi?"

Wadau, sikuwa na jibu. Nilikunywa maji yangu nikaaga. Na tangu siku ile nimekuwa nikimsoma upya Everts wangu, safari hii kwa macho ya yule kaka, na naona kuna mambo nilikuwa nayaruka.

La kwanza, baba yake. Stefan Everts alikulia nyumba ambayo mkuu wake alishakimbia, alishashinda, alishavunjika, na alishaacha. Kijana aliona kwa macho yake kwamba bingwa akivua kofia maisha yanaendelea, chakula kinapikwa, watoto wanakwenda shule. Hakuhitaji kuambiwa na mwandishi wa gazeti kwamba kuna maisha baada ya mbio.

La pili, nchi yake. Ubelgiji ni nchi ya watu milioni 11 na kidogo, wakati sisi Tanzania sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Lakini kwenye motokrosi Wabelgiji wamejenga. Wana mchanga mzito wa Lommel unaofundisha mtu kuendesha hadi mikono iote sugu. Kwa miongo mingi walikuwa na mbio za Namur, zilizopita ndani ya misitu na njia za ngome ya kale juu ya mji. Wakatoa Joël Robert, wakatoa Roger De Coster, bingwa wa dunia wa 500cc mara 5, wakatoa Eric Geboers aliyetwaa ubingwa wa madaraja yote matatu, 125, 250 na 500. Na wengi wa watu hawa walipoacha kukimbia hawakutoka kwenye mchezo. De Coster alikwenda Marekani akawa meneja wa timu, mmoja wa wanaoheshimiwa sana huko. Maana yake mchezo wenyewe ulikuwa na viti vingine. Ukiinuka kwenye kiti cha pikipiki, unakaa kwenye cha meneja, cha mkufunzi, cha mjaribu pikipiki, cha mchambuzi.

La tatu ni alichokifanya Everts kwenye hicho kiti cha pili. Alikaa na KTM hadi 2015. Katika miaka hiyo Mtaliano Antonio Cairoli alitwaa mataji matano mfululizo ya daraja la juu akiwa na KTM, 2010 hadi 2014. Na kulikuwa na kijana wa Kiholanzi, Jeffrey Herlings, aliyeingia timu hiyo akiwa bado mtoto mtoto, akawa bingwa wa dunia wa MX2 mwaka 2012 na 2013. Mwaka 2023 Herlings akaivuka ile rekodi ya ushindi 101. Yaani rekodi ya bosi imevunjwa na kijana aliyelelewa kwenye timu ya bosi! Mataji 10 hakuna aliyeyafikia hadi leo, Cairoli aliishia 9. Lakini ile 101 imekwenda, na imekwenda kwa mkono ambao Everts mwenyewe aliukuza. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kuondoka kwa amani. Anaondoka akiwa na kazi ya kesho.

Sasa mlinganisheni na kaka yangu. Mkataba wake, alinionyesha siku nyingine, ulikuwa karatasi moja. Hakuna bima ya goti. Hakuna mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii hata wa mwezi mmoja kwa miaka yote ile. Hakuna kocha wala kiongozi aliyewahi kumwita akiwa na miaka 28 akamwuliza, wewe ukimaliza unataka kuwa nani? Mshahara ulikuwa unakuja ukijisikia, posho ya mechi ndiyo ilikuwa inalisha nyumba, na posho ya mechi analipwa anayecheza. Kwa hiyo kila dakika kumi alizoingia na bandeji yake, huku mimi nikiandika kwamba anang'ang'ania, zilikuwa unga wa wanawe. Mimi niliona tamaa ya sifa. Kumbe ilikuwa ada ya shule.

Nitakuwa muungwana na kusema kuna upande wa pili. Wapo wanaong'ang'ania kwa ulevi wa sifa tu, na wapo kwenye michezo, kwenye vyama vya michezo, na kwenye ofisi ambazo leo nimeahidi kutozitaja. Wapo waliochezea pesa nyingi kwenye starehe, na tunawajua. Hata Mwalimu alipong'atuka urais alikuwa na pa kwenda, alikuwa na Butiama na shamba lake, na uenyekiti wa chama aliendelea nao hadi 1990. Sisemi kila asiyeacha ni mnyonge. Nasema kabla hujamhukumu mtu kwa kutoinuka, angalia kama nyuma yake kuna kiti kingine au kuna sakafu tupu.

Na hapa kuna kipande cha maisha ya Everts ambacho zamani nilikuwa nakiacha kwa sababu kilikuwa hakiingii kwenye mahubiri yangu. Tena kipande chenyewe kinatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Novemba 2018, miaka 12 baada ya kuacha mbio, Everts alikwenda Lubumbashi, Kongo, kwenye mbio za hisani. Lubumbashi ya Waswahili wenzetu, Kiswahili chao kina ladha yake lakini ni chetu. Aliporudi kwao Ubelgiji akaanza kuumwa. Malaria. Na haikuwa malaria ya kumeza mseto, kulala siku moja na kurudi kazini. Ilikuwa malaria kali. Akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, madaktari wakamweka kwenye usingizi wa dawa, familia ikakaa inasubiri. Alipona, lakini damu ilikuwa haikufika vizuri miguuni, na ikabidi akatwe sehemu za vidole vya miguu yote miwili.

Fikirini. Mtu aliyeruka matuta ya dunia nzima, akaanguka mara zisizohesabika, akavunjika akaungwa, akaacha akiwa mzima wa afya na wa jina. Mbu wa Lubumbashi akafanya ambacho matuta yote hayakufanya.

Niliposoma habari ile wakati huo, nikiri tena, nilicheka kidogo moyoni. Sisi tumezoea. Malaria kwetu ni sababu ya kuchelewa kazini. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka ule wa 2018 malaria iliua watu 405,000 duniani, theluthi mbili wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na Kongo ilikuwa nchi ya pili kwa wagonjwa baada ya Nigeria. Vifo hivyo havina majina magazetini. Everts alipata jina kwa sababu alikuwa Everts. Na alipata uhai kwa sababu alikuwa na hospitali yenye mashine, dawa, wataalamu na bima ya kulipia yote. Mtoto wa Lubumbashi aliyeumwa na mbu jioni ile ile alikuwa na nini?

Mnaona tunapofika? Ushujaa wake haukumtibu malaria. Alitibiwa na kilichokuwa kimejengwa chini yake kabla hajaugua. Na kule nyuma, mwaka 2006, ushujaa peke yake usingetosha kumwezesha kuacha. Alidakwa na kilichokuwa kimejengwa chini yake kabla hajaacha. Mtu yule yule, somo lile lile, mimi nikawa nachukua nusu tu na kuwatupia watu wasiojengewa chochote.

Sitaki kumpunguzia heshima. Zile 14 kati ya 15 alizishinda yeye, hakushindiwa na bima. Kuinuka ukiwa unashinda bado kunataka moyo, na wapo wenye kila kitu chini yao ambao hawainuki ng'o. Lakini moyo ukiwa peke yake ni sawa na kuruka tuta bila kujua upande wa pili kuna nini. Everts alijua kuna udongo uliosawazishwa. Kaka yangu alijua kuna shimo, na akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akakaa juu ya tuta kadiri alivyoweza.

Kwa hiyo nabadilisha swali langu, na naomba waandishi wenzangu mnaopita hapa tubadilishe pamoja. Badala ya kumwuliza mchezaji anaacha lini, tumwulize mwenye klabu: huyu mnamchangia hifadhi ya jamii? Bima yake inatibu goti au inatibu mafua tu? Mwenye miaka 27 leo, mmempeleka kozi yoyote? Nimeanza kuuliza maswali hayo kwenye kazi yangu. Majibu mengi hadi sasa ni "tutakupigia". Simu hazijapigwa. Nitaendelea kuuliza.

Jambo la mwisho. Jumamosi iliyopita nilimkuta kaka hayupo kibandani, mkewe ndiye aliyekuwa anahudumia. Nikaelekezwa uwanja wa vumbi nyuma ya shule ya msingi ya pale mtaani. Nikamkuta na watoto kama 30 hivi, koni zake ni chupa za maji zilizojazwa mchanga, filimbi shingoni, anachechemea na kufoka kwa furaha. Mtoto mmoja alipiga pasi mbovu, akaitwa, akaelekezwa kwa upole namna ya kuuweka mguu. Kumbe hufanya hivyo kila Jumamosi, bila kulipwa na mtu.

Nilimwuliza kama amewahi kufikiria kozi ya ukocha, ile ya ngazi ya kwanza. Akasema amefikiria miaka mingi, ila ada.

Basi tumekaa marafiki sita, tuliomshangilia na sare za shule, tunachanga. Haijatimia bado, lakini inakwenda. Si mfumo huo, najua. Watu sita na bahasha si KTM. Ila nilimwandika vibaya kwa wino wa bure, na naona si vibaya kulipa kidogo.

Everts naye, nikisema haya, ana mtoto aitwaye Liam. Mwaka 2023 alishinda Grand Prix yake ya kwanza ya MX2, na kuifanya familia ile kuwa na washindi wa vizazi vitatu, babu, baba na mjukuu. Aliyemfundisha ni baba yake, yule wa vidole vilivyokatwa.

Naomba kuwasilisha. Kibaraza ni chenu, nikosoeni.